Mwatuuliza kuhusu kazi ya mshauri wa epidemiolojia ng'ambo

Ndugu zetu wa Kisauni, Likoni na Tudor mwatuuliza: hizi kazi za kushauri programu za epidemiolojia ya nyanjani, yaani zinazofunza wafanyakazi wa afya kuchunguza milipuko ya magonjwa, katika nchi za watu, mtu ajiandae vipi? Twawajibu bila kupamba.

Hupelekwi kukimbizana na milipuko. Mlipuko ni wa wanafunzi na wizara yao ya afya. Wewe wawajenga, kisha waondoka. Mchunguzi hodari wa kipindupindu huweza kuwa mshauri dhaifu, maana ripoti ikichelewa aichukua akaimaliza mwenyewe, na mwanafunzi hajifunzi kitu.

Ngazi za mafunzo ni tatu: ya awali ya takriban miezi 3, ya kati inayokaribia mwaka, na ya juu ya miaka 2, ambayo darasa huchukua kama robo tu ya muda. Kwa hivyo usipoteze usiku kupamba slaidi. Jizoeze kusahihisha kazi za watu.

Anzeni na yaliyotokea hapo kwetu. Chukueni chikungunya ya Mombasa ya 2017 na 2018, mumwambie mwanafunzi aandike fasili ya mgonjwa, yaani vigezo vya nani ahesabiwe kuwa mgonjwa. Wengi huandika “homa na maumivu ya viungo” wakaishia hapo, bila tarehe wala mahali. Denge nayo huleta homa na maumivu, na Mombasa imeipata, 2013 kwa mfano. Orodha yote ya wagonjwa yachanganyika. Kosa la pili: grafu ya mlipuko huchorwa kwa tarehe mgonjwa alipofika kliniki badala ya siku aliyoanza kuugua. Kliniki zikifungwa wikendi, Jumatatu yatokea kilele cha uongo. Usimfutie ukaandika upya. Muulize, “Mbona Jumatatu?” kisha nyamaza. Rasimu ya kwanza mpe hoja mbili tatu kubwa, sarufi ingoje.

Linaloangusha programu nyingi si elimu, ni gari na ruhusa. Masurufu yakikawia wiki mbili, timu hufika wagonjwa washapona. Virusi vya chikungunya hupatikana kwa PCR (kipimo cha maabara kinachosaka virusi vyenyewe) zaidi katika wiki ya kwanza ya ugonjwa. Baadaye mwabaki na kupima kingamwili, ambazo hazisemi kwa uhakika mtu aliugua lini. Mkuu wa mwanafunzi naye humwita arudi zamu katikati ya mafunzo. Takeni barua yake ya idhini kabla ya kumteua mtu, si baada.

Lugha? Ukipelekwa nchi ya Kifaransa au Kireno, tafsiri ya simu haitakutoa kwenye kikao cha wizara. Anza masomo mapema.

Na mkataba hufuata mfadhili. Fedha zikikatwa, nawe umekwisha, hata kazi iwe nzuri vipi. Msijenge Mtwapa kwa mkopo wa kutegemea mwaka wa tatu.

Mlango ulio karibu ni programu ya Kenya yenyewe, iliyoanza 2004. Maliza ngazi ya juu, kisha walee wanafunzi kadhaa kabla ya kuomba. Ukiitwa mahojiano, uliza mafuta ya gari hutoka fungu gani, mwenzako wizarani ni nani, na nani atarithi kazi yako. Wakikosa jibu la swali la mwisho, omba iandikwe katika mkataba kuwa mrithi huyo atateuliwa ndani ya mwaka wa kwanza.