Barua kwa mwanangu: ya mumeo yasubiri kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana usiku, asubuhi hii nimeusoma tena. Unasema ile intavyuu ya Zoom umepita na sasa wamekuita uende mwenyewe siku mbili, utoe mhadhara, ukae na kamati, umuone na mkuu wa kitivo. Swali lako ni moja, niwaambie sahivi kwamba mume wangu nae ana PhD na anatafuta kazi ya chuo, au ninyamaze, maana nikinyamaza najiona kama nawadanganya.

Humdanganyi mtu. Nyamaza mpaka ofa iwe imeandikwa na unaishika mkononi. Sasa ngoja nikueleze maana we tangu mdogo hukubali kitu bila kuambiwa kwa nini.

Mi hizo kamati za ajira nimekaa nyingi. Kwenye karatasi tunapima machapisho, mhadhara, kozi unazoweza kufundisha, lakini mlango ukishafungwa watu wanaongea mengine kabisa. Niliwahi kumsikia mwenzetu anasema "huyu dada mzuri sana ila mumewe hawezi kuhama, tukimpa ofa ataikataa tupoteze muda", na huyo dada hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote, ni mtu tu aliona pete. Siku hiyo na mimi nilikaa kimya, nakwambia ukweli. Wanaume wenye wake waliosoma sijawahi kusikia wakisemewa hivyo, wanachukulia tu kwamba mke atafata. Kuna mwanasosholojia anaitwa Lauren Rivera alizifatilia kamati kama hizi kwenye chuo kimoja cha Marekani, akachapisha mwaka 2017, na alichokuta ndo hichohicho, mwanamke mwenye mume mwenye kazi nzito anaonekana hahamishiki, mwanaume mwenye mke wa hivyo wala hajadiliwi. Kwaiyo sio wasiwasi wa mzee wako tu.

Watakuuliza lakini. Sio kwenye kikao, pale wanajua wanachunga midomo, ni mkienda kula jioni au yule anaekuzungusha majengo, anauliza kirafiki kabisa, "na familia je, mmezoea huko mliko?" Huna haja ya kununa wala ya kutunga uongo. Mwambie nimekuja kwa sababu kazi hii naitaka, alafu muulize yeye wanafunzi wa uzamili wanapataje fedha za utafiti hapa. Watu wa vyuo ukiwauliza habari za idara yao wanasahau walichokuwa wanauliza, hii haijawahi kuniangusha.

Sasa ofa ikija. Hapo ndo pa kukaa makini maana kati ya siku wanayokupa ofa na siku unayoweka sahihi ndo kipindi pekee wewe una nguvu kuliko wao. Wameshabishana miezi, wameshapiga kura, wakikukosa inabidi warudi kwa namba mbili au watangaze upya na kuna hatari nafasi yenyewe ikachukuliwa na kitivo. Kwaiyo usikubali kwenye simu. Shukuru, sema umefurahi, omba wiki mbili, omba kila kitu kwa maandishi. Alafu ndo unamwambia mkuu wa idara, mwenzangu nae ni msomi, fani yake hii, CV yake hii hapa, kuna uwezekano gani? Hatashtuka. Watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ripoti 2008 baada ya kuwauliza walimu kama 9,000 wa vyuo 13 vya Marekani, wakakuta asilimia 36 wana mwenza ambae nae ni msomi. Vyuo vingi vinajua wafanye nini, ila hawakwambii mpaka uulize.

Na ujue inavyokwenda ndani ili usikate tamaa wakichelewa. Mara nyingi mshahara wa mwenza unagawanywa, idara inayokutaka wewe inatoa sehemu, ile itakayompokea yeye inatoa sehemu, iliyobaki inatoka juu kwa uongozi wa chuo, na hiyo ni kwa miaka michache ya mwanzo tu. Idara ya pili ina haki ya kumkataa, watataka nae atoe mhadhara kama wewe, na kuna watakaomuangalia kama kifurushi kilichokuja na mzigo mwingine. Mwambie mkwe wangu CV iwe tayari kuanzia leo na aangalie mwenyewe idara gani hapo inamfaa, asikuachie wewe umtafutie.

Hapohapo ndo unaomba na mengine, fedha za kuanzia utafiti, vipindi vipungue mwaka wa kwanza, gharama za kuhama, na utaratibu wao wa kusimamisha ile miaka wanayokupima kabla ya kukuthibitisha mtu akijifungua. Kama ni zile nafasi za Marekani za kuelekea ajira ya kudumu wanakupima kama miaka sita hivi, na mjukuu wangu bado hajaanza hata kutembea, kwaiyo hilo la kusimamisha sio dogo. Na ile nyingine ya postidoki uliyoitaja, ile kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, kabla hujaifikiria uliza viza ya Marekani. Ukienda kwa J-1, ile ya wasomi wa kubadilishana, mumeo anapata J-2 na anaweza kuomba kibali cha kazi, ukienda kwa H-1B, ile ya kuajiriwa, yeye anakuwa H-4 na wengi wa H-4 hawaruhusiwi kufanya kazi. J-1 nayo ina wanaobanwa warudi kwao miaka miwili kabla ya kupata baadhi ya viza nyingine kama hiyo H-1B. Mtu anaweza kupata ofa ya mwenza na viza ikamkatalia, nimeona.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika marefu hivi. Ile kazi yangu ya tatu, ile ya kudumu, we ulikuwa darasa la pili, mkuu wa idara alinipigia akanipa ofa, mwishoni akaniuliza kabisa kwa mdomo wake, kuna kingine unahitaji? Nikasema hapana, asanteni sana. Nilikuwa nimetoka kwenye mikataba miwili ya muda, nikaogopa nikisema neno wataghairi. Nikakata simu nikaenda kumwambia mama yako tumepata. Akafurahi, alafu akauliza, na mimi je, walisemaje? Sikuwa na jibu. Akasema, hata hukuuliza. Hakupaza sauti, hata hivyo mpaka leo nakumbuka alikuwa amesimama wapi. Miezi mitatu baadae tumeshahamia nikaenda kumuulizia, nikaambiwa bajeti ya mwaka imefungwa, ungesema mapema. Mama yako mwenye shahada kama yangu akafundisha kwa kulipwa kwa kipindi miaka sita, hana ofisi, anasahihishia mitihani kwenye gari.

Kwaiyo kabla hujapanda ndege kaeni wawili, mtoto akilala, umuulize mumeo na umuache ajibu bila kumsaidia maneno. Vipindi vya kulipwa kwa saa atakubali? Postidoki je? Kazi ya nje ya chuo? Na kama hakuna kitu kabisa, mnaweza kukaa mbalimbali mwaka mmoja, miwili, au hata miezi sita haiwezekani? Akisema hawezi, amini hawezi, usiseme tutaona mbele ya safari. Mimi hilo "tutaona" nililisema sana. Majibu yake yaandikeni kabisa, maana ofa ikija na namba ya mshahara juu utasahau mlichoongea.

Mhadhara wako nitumie nikusikilize kabla ya Alhamisi, na punguza zile slaidi, dakika 45 ni chache kuliko unavyodhani na maswali yao ndo wanayokupimia.

Mama yako kapita hapa nyuma yangu amesoma. Anasema haikuwa miaka sita, ilikuwa saba, na gari lenyewe hita yake ilikuwa mbovu. Anataka umpigie yeye kwanza.

Baba