Kidani cha "nguvu za kwantamu": mashine ya muuzaji huenda haidanganyi

SWALI: Habari mwalimu. Mama yangu ana miaka 63, tunakaa naye Kayole. Mwezi uliopita alinunua kidani cheusi cha duara, kizito kidogo, kwa shilingi 3,500 kupitia kundi la WhatsApp la chama chao. Karatasi yake inasema kina "nguvu za kwantamu", kinatoa "ioni hasi", kinamkinga mvaaji na mionzi ya 5G na kusawazisha damu, na tena hakihitaji chaji maisha yako yote. Nilimwambia ametapeliwa. Muuzaji akaja mpaka nyumbani na kijimashine cha kupima ioni. Juu ya meza kilisoma karibu na sufuri, juu ya kidani kikapanda hadi 1,800. Mimi nilisomea uhasibu, nikakosa la kusema mbele ya mama. Sasa anakivaa usiku na mchana. Kingine alichopewa kama zawadi anakilowesha kwenye jagi la maji ya kunywa, na tembe za presha ameanza kuruka siku. Je, mashine ile imechezewa? Kama haikuchezewa, basi kidani kinafanya kazi? Nimetamani kukipasua kwa nyundo nimwonyeshe kwamba ndani hamna kitu. – Msomaji, Kayole

JIBU: Nyundo iweke chini kwanza, dada yangu. Nitakuambia kwa nini.

Kazi yangu ni kupima mionzi mahali inapotumika kihalali, kwa hiyo vidani hivi nimeletewa zaidi ya kimoja, mara nyingi na watoto wa wazazi kama mama yako. Watu hutarajia niseme mashine ya muuzaji ni ya uongo. Zipo za uongo. Lakini kwa ulivyoeleza, inawezekana kabisa kwamba mashine ile ilikuwa inasema kweli, na hilo linanipa wasiwasi kuliko kama ingekuwa imechezewa.

Ioni ni atomu au molekuli iliyonyang'anywa elektroni, au iliyobebeshwa ya ziada. Hewa tunayovuta karibu yote ni naitrojeni na oksijeni, na molekuli hizo haziachii elektroni zake hivi hivi. Kung'oa moja kutoka kwa oksijeni kunahitaji nishati ya elektronivolti (kipimo cha nishati kwa vitu vidogo kama atomu) 12 hivi, na kwa naitrojeni ni zaidi ya 15. Ni kiasi kidogo mno, lakini lazima kitoke mahali. Radi inaweza kukitoa. Cheche inaweza. Sindano ya chuma iliyopewa volti maelfu inaweza, na ndivyo vifaa vya umeme vya kutengeneza ioni vinavyofanya kazi.

Kidani cha mama hakina waya, hakina betri na hakichajiwi. Wewe ni mhasibu: umeonyeshwa daftari lenye matumizi ya kila sekunde, mwaka mzima, na upande wa mapato mweupe. Ungeuliza nini? Pesa zinatoka wapi.

Muuzaji mwerevu atajibu kwamba ndani mna tomalini. Ni kweli tomalini ni jiwe la ajabu kidogo: ukilipasha moto, ukilipoza au ukilikandamiza, pande zake hupata chaji ya umeme. Ila chaji hiyo hutokea wakati joto au mkandamizo unapobadilika, kisha hupotea. Jiwe lililotulia juu ya meza halina cha kutoa, tomalini au si tomalini.

Chanzo kinachoweza kuvunja molekuli za hewa mfululizo, bila chaji, miaka nenda miaka rudi, ndani ya kitu cha ukubwa wa kifuniko cha soda, ni madini yenye mionzi. Kwa vidani vya aina hii mara nyingi huwa ni unga wa madini yenye thoriamu au urani uliochanganywa na udongo wa kauri. Atomu moja ya thoriamu ikivunjika hurusha chembe ya alfa, aina ya mionzi yenye nguvu lakini ya masafa mafupi, yenye elektronivolti milioni 4 hivi. Katika hewa, kila jozi ya ioni hugharimu kama elektronivolti 34. Piga hesabu mwenyewe: chembe moja inaacha nyuma yake jozi zaidi ya laki moja. Na ni jozi, chanya pamoja na hasi. Hakuna mionzi inayochagua kutoa ioni hasi peke yake ili ikufurahishe. Thoriamu-232 huchukua miaka bilioni 14 nusu yake kuisha, kwa hiyo karatasi iliposema kidani hakihitaji chaji maisha yako yote, pengine hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli humo.

Hii si dhana yangu tu. Desemba 2021, mamlaka ya Uholanzi inayosimamia usalama wa nyuklia, ANVS, ilitoa onyo juu ya bidhaa kumi zilizokutwa na mionzi: vidani vya "kwantamu", bangili, hata kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala. Bangili mojawapo ilikuwa ya watoto. Wenye navyo waliambiwa wavivue, waviweke mbali na wasubiri maelekezo.

Sasa usije ukakimbilia kusema kila kidani cheusi kina thoriamu. Cha kwanza nilicholetewa nilikiweka chini ya kipimo cha geiga, mashine inayolia inapopigwa na mionzi, na hakikuongeza chochote juu ya mlio wa kawaida wa chumba. Udongo mtupu. Cha pili kiliifanya mashine ilie kama bisi kwenye sufuria yenye kifuniko. Kwa macho vilikuwa pacha.

Ona basi mahali muuzaji amejifunga. Kama jiwe lake halifanyi kitu, mama amelipa 3,500 kwa kipande cha kigae. Kama linafanya kile alichokuja kuwaonyesha sebuleni, mama amejifunga mionzi kifuani. Hakuna njia ya tatu ambayo jiwe linatoa ioni na bado ni dawa. Lile jaribio lililokunyamazisha mbele ya mama ndilo ushahidi dhidi yake.

Ile habari ya 5G nayo inachekesha ukiitazama kwa namba. Mawimbi ya karibu gigahezi 3.5, ambayo ndiyo yanatumika sana kwa 5G, yana elektronivolti 0.0000145 hivi kwa kila kifurushi kimoja cha nishati. Linganisha na zile 12 za kung'oa elektroni kwa oksijeni: yamepungukiwa zaidi ya mara laki nane. Hayawezi kutengeneza ioni hata moja. Kwa hiyo mtu anaogopa mlingoti usioweza kung'oa elektroni, anajikinga kwa jiwe linalong'oa. Na kama kweli kidani kingezuia mawimbi hayo, simu ya mama ingekata mtandao kila anapoishika karibu na kifua. Mpigie akiwa amekivaa uone kama haitaita.

Juu ya hatari yenyewe nitasema taratibu, kwa sababu hapa ndipo watu huruka kutoka kwa uganga wa jiwe hadi kwa hofu ya jiwe. Thoriamu si jini. Iko ardhini. Mlima Mrima kule Kwale una udongo wenye thoriamu ya kutosha kufanya mionzi ya pale iwe juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Wazee waliokuwa na karabai huenda waliwasha thoriamu kila jioni bila kujua, kwa kuwa vile vifuko vinavyong'aa ndani ya taa vilikuwa vikitengenezwa nayo. Kwa wastani wa dunia, mtu hupata milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) 2.4 kwa mwaka kutoka kwa asili tu, yaani udongo, hewa, chakula na anga. Kikomo kinachotumika kimataifa kwa raia, juu ya hizo za asili na za hospitali, ni milisiveti 1 kwa mwaka kwa mwili mzima, na 50 kwa ngozi.

Ngozi ndiyo inayohusika zaidi na kidani. Alfa huishia kwenye tabaka la juu la ngozi iliyokufa. Lakini kizazi cha thoriamu, yaani atomu zinazozaliwa inapovunjika, hutoa pia aina nyingine mbili za mionzi: beta, inayopenya milimita kadhaa, na gama, inayopita mwilini. Jiwe likikaa palepale usiku na mchana, sehemu ileile ya ngozi ndiyo inayolipa. Waholanzi walipopima walikuta viwango vidogo, lakini wakasema mtu akivaa saa 24 kwa mwaka mzima anaweza kuvuka kikomo cha ngozi. Mama amevaa mwezi mmoja. Sitarajii jambo baya litokee kwa mwezi huo. Akivue tu.

Jagi la maji ndilo nisilolivumilia. Ndani ya mwili hakuna ngozi iliyokufa ya kuizuia alfa, na ile ile isiyoweza kupita karatasi huwa mbaya kabisa ikiwa imemezwa au imevutwa na pumzi. Kauri hizi zinaweza kumomonyoka. Maji hayo yamwageni, jagi lioshwe vizuri. Na ndiyo sababu ya nyundo: ukipasua, utatengeneza vumbi, wewe ndiye wa kwanza kulivuta, na mama hataona kitu zaidi ya unga mweusi.

Watu wameshawahi kunywa mionzi kwa hiari. Marekani, miaka ya 1920, kulikuwa na chupa ndogo za maji zilizoitwa Radithor, zikiuzwa kama kirudisha nguvu. Zilikuwa na radiamu ya kweli, elementi yenye mionzi mikali, kama lebo ilivyosema. Eben Byers, tajiri wa Pittsburgh, alizinywa kwa miaka kadhaa, mifupa ya taya ikaoza, akafariki mwaka 1932. Enzi hizo, wateja waliouziwa maji matupu na matapeli wa kawaida ndio waliobahatika. Kidani cha mama kiko mbali sana na dozi ile, lakini mazungumzo ya muuzaji hayajabadilika sana kwa miaka mia.

Kati ya yote uliyoandika, lililonishtua zaidi ni lile uliloliweka mwishoni kama kiambatisho: tembe za presha. Mimi si daktari, lakini presha isiyotibiwa inaweza kuleta kiharusi bila kusubiri mwaka. Jiwe hilo, liwe na thoriamu au lisiwe nayo, hatari yake kubwa kwa mama leo ni kwamba limechukua nafasi ya tembe. Kliniki kwanza, kabla hata hujanitafuta tena.

Vidani vyote viwili vitie kwenye mfuko wa plastiki, ufunge, kisha kwenye mkebe wenye kifuniko. Mkebe ukae mahali asipolala wala kukaa mtu, watoto wasipofika. Umbali ni dawa nzuri hapa: kwa kitu kidogo kama hiki, ukienda mbali mara mbili mionzi inayokufikia hubaki robo. Kisha wasiliana na Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia Kenya, KNRA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019. Kuingiza au kuuza vitu vyenye mionzi bila leseni yao ni kosa, na vifaa vya kupima wanavyo. Waeleze kama ulivyonieleza, pamoja na namba ya till mliyolipia na ile karatasi. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 nayo inakataza kumuuzia mtu kitu kwa sifa kisizokuwa nazo, kwa hiyo usifute zile jumbe za WhatsApp.

Usivitupe kwenye taka. Za mtaani kwenu zikiishia jalala la Dandora, kuna watu pale wanaochambua kwa mikono mitupu, na kidani kizuri hakitakosa mtu wa kukivaa. Kumrudishia muuzaji vilevile sikushauri, hata akikubali kurudisha pesa, maana kesho atakiuza kwa mama wa mwenzio.

Kuhusu mama: usimwambie alidanganywa. Ulishajaribu hiyo, na muuzaji akaja na mashine akakushinda. Alionyeshwa namba ikipanda, na binti yake aliyesoma akakosa jibu, angeamini nini? Mwambie sasa kwamba mashine huenda ilisema kweli, kisha mweleze ilikuwa inahesabu nini. Akikubali, msingoje kesho. Anzeni na kile cha kwenye jagi.