Septiki imejaa wiki tatu baada ya kunyonywa? Kabla hujachimba, angalia maji yamefika wapi

Mkuu, pole sana. Umeeleza kwamba gari la kunyonya majitaka lilikuja wiki tatu zilizopita, juzi umefunua mfuniko ukakuta tangi limejaa tena, choo cha chini kinashusha taratibu huku kinagugumia, fundi mmoja anasema uchimbe shimo jipya na mwingine anataka kukuuzia unga wa bakteria. Mimi nimeishi na hali hiyo karibu mwaka mzima. Niliita gari mara nne, na leo nikiangalia nyuma naona mara tatu kati ya hizo hazikuwa na sababu yoyote. Ndiyo maana nakuandikia kirefu, uvumilie.

Kwanza, tangi la septiki likiwa zima huwa limejaa. Siku zote. Hili hakuna fundi aliyewahi kuniambia, na ndilo lililonitia hofu bure kila nilipofunua. Kazi ya tangi ni kuyatuliza maji ili kizito kizame kiwe tope, mafuta na povu vielee juu, na maji ya katikati yatoke kwenda kwenye shimo la kunyonyea, yaani lile shimo ambalo udongo wake ndio unaoyanywa maji. Ikiingia lita moja upande huu, lita moja inatoka upande wa pili. Kwa hiyo kama tangi lako ni la lita 3,000 na nyumba inatumia lita 600 kwa siku, siku ya tano baada ya gari kuondoka limeshajaa, na hapo ndipo linapoanza kazi yake. Kulikuta limejaa wiki ya tatu si ugonjwa.

Cha kuuliza ni limejaa mpaka wapi. Tafuta bomba la kutokea, lile linalokwenda kwenye shimo la kunyonyea, na uangalie ukingo wake wa chini. Maji yakiwa sawasawa na ukingo huo, tangi liko salama. Kama choo bado kinasumbua basi kizuizi kiko kati ya nyumba na tangi, au bomba la hewa limeziba, na hapo fundi bomba mwenye waya wa kuzibulia anakumalizia kazi asubuhi moja. Maji yakiwa chini ya ukingo, na hakuna aliyenyonya karibuni, tangi limepasuka na linavujisha ardhini, jambo baya sana kama kuna kisima karibu. Maji yakiwa juu ya ukingo, yamefunika bomba, basi yamekosa pa kwenda: ama bomba hilo limeziba, ama shimo la kunyonyea limechoka. Bomba la kuingilia huwekwa juu ya lile la kutokea kwa sentimita 5 hadi 8 hivi, kwa hiyo maji yakipanda kidogo tu kupita hapo, choo cha chini ndicho cha kwanza kulalamika. Dalili yako hiyo ya kugugumia inanifanya nihisi uko hapa, ila usichukue hisia yangu, kapime.

Kwangu yalikuwa juu kwa sentimita 12. Nilipima kwa fito niliyoichora alama, na bado sikuelewa maana yake. Nilichoelewa ni kwamba "limejaa", nikaita gari.

Mara ya nne ndipo nilipopata jibu, na nililipata kwa sikio. Nilikuwa nimefunga koki kuu ya maji ili mtu asiflashi wakati wa kunyonya. Gari likamaliza, dereva akaanza kukunja mpira, nikamwomba asubiri kidogo. Nikachuchumaa pembeni ya mfuniko na tochi. Nikasikia maji yanaanguka. Nyumba nzima hakuna bomba lililo wazi, lakini ndani ya tangi maji ya kijivu yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bomba la kutokea, yanarudi kinyumenyume, mkondo mnene kama mkono wa mtoto. Yaliendelea zaidi ya dakika ishirini. Lile lilikuwa shimo la kunyonyea linarudisha lilichoshindwa kunywa. Miezi yote ile nilikuwa nawalipa watu wanyonye tangi lisilo na kosa.

Kwa hiyo siku nyingine gari likija, fanya hivyo hivyo: funga maji ya nyumba, wamalize, kisha kaa kimya uangalie lile bomba. Yakirudi, shimo ndilo linaloumwa. Pia hakikisha wananyonya vyumba vyote viwili vya tangi na tope la chini. Mara yangu ya kwanza walivuta maji ya juu tu, wakaniachia tope lote pale lilipokuwa, nami sikujua la kuuliza.

Sasa, shimo la kunyonyea halichoki bila sababu, na usipoitafuta sababu, hilo jipya unalotaka kuchimba litakufa vilevile. Ukutani mwa shimo, pale maji yanapokutana na udongo, hujijenga utando mweusi unaoteleza, umetengenezwa na bakteria wanaokula uchafu unaokuja na maji. Utando mwembamba hauna shida, hata unasaidia kuchuja. Unaponenepa ndipo unapoziba vitundu vya udongo. Na unanenepeshwa na mambo mawili: uchafu mwingi, na maji yasiyokatika yanayounyima udongo hewa.

Kwangu yote mawili yalikuwepo. Kuhusu uchafu, pale bomba linapotokea ndani ya tangi panatakiwa kuwe na tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, kipande kimoja kinashuka chini ya maji ili kuchota yale ya katikati na kuzuia utando wa mafuta usitoke. Ya kwangu ilikuwa imekatika imelala chini kwenye tope, au pengine haikuwahi kuunganishwa kwa gundi tangu mwanzo. Mafuta na vipande vyote vilikuwa vinakwenda moja kwa moja shimoni. Kipande kidogo cha bomba la plastiki, mkuu. Kila nikikikumbuka kinaniuma, kwa sababu kilikuwa kinaonekana wazi kwa yeyote ambaye angemulika tochi, na tangi lile lilishafunuliwa mara tatu.

Kuhusu maji, choo cha wageni kilikuwa kinavuja. Huwezi kukisikia mchana. Uzi mwembamba wa maji unateremka nyuma ya bakuli usiku na mchana kwa sababu mpira wa chini wa tangi la kuflashi umekakamaa. Niligundua kwa kusoma mita wakati wote wamelala, saa tano usiku, halafu saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajaamka. Ilikuwa imepanda lita 180. Kwa saa 24 hizo ni lita 720, zaidi ya matumizi ya familia yangu yote, zinaingia septiki bila mtu kuzitumia. Kama huna mita, tia rangi ya chakula kwenye tangi la kuflashi, usiflashi kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Rangi ikishuka, mpira umekwisha. Fanya hivi kwa kila choo cha nyumba, leo hii, kabla ya kitu kingine chochote. Angalia pia kama kuna mfereji wa maji ya mvua kutoka paani ulioingizwa kwenye chemba. Wapo mafundi wanaofanya hivyo kwa kuona ni njia fupi, na mvua moja kubwa inatosha kulizamisha shimo.

Unga wa bakteria usinunue. Bakteria wanaotakiwa wanaingia bure kila mtu anapokwenda chooni, na Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, katika miongozo yake kwa wenye nyumba linasema wazi kwamba tangi linalotumika kawaida halihitaji viongezeo hivyo. Mimi nilitumia pakiti kadhaa na maji hayakushuka hata sentimita moja. Dawa kali za kuzibulia ndizo mbaya zaidi, zinaua hao hao bakteria wanaokufanyia kazi.

Nilichofanya mimi baada ya kujua: nilibadilisha mpira wa choo, nikaweka tii mpya, nikatengeneza mtego wa mafuta kwenye bomba la sinki la jikoni, tukaanza kufua kidogokidogo kwa wiki badala ya nguo zote Jumamosi. Maji yakashuka, ila polepole mno, na mvua ilipoanza yakarudi juu. Nikakubali kuchimba shimo la pili. Lakini sikulifukia la kwanza. Kati ya tangi na mashimo niliweka chemba ndogo ya kugawia yenye bomba mbili, moja nimeliziba kwa kifuniko. Shimo jipya likafanya kazi, la zamani likapumzika. Ule utando ukikosa maji na chakula, hewa ikiingia, bakteria wengine wanaula na udongo unafunguka tena. Hiyo ni kazi ya miezi, nilihesabu karibu kumi kabla ya kulirudisha. Sasa nabadilisha kila mwaka. Hivyo kama fundi wako anasema shimo jipya, huenda yuko sahihi, ila mwambie la zamani libaki na awekee chemba ya kugawia.

Kabla ya kuchimba, jaribu udongo. Chimba kishimo chenye kina kile kile unachokusudia, kijaze maji, kiache kiloe usiku kucha. Kesho yake tia maji tena upime yanachukua muda gani kushuka sentimita 2.5. Ikipita saa nzima, hapo hapanyonyi, tafuta mahali pengine au njia nyingine. Fanya jaribio hilo udongo ukiwa umelowa, maana kiangazi kila shimo linaonekana zuri. Na ukikutana na maji ya ardhini wakati wa kuchimba, simama hapo hapo. Maji hayanyonywi na maji. Kisima kikae mbali, wengi husisitiza mita 30, na uulize sheria ya kwenu inasemaje.

Sasa hili ninaliandika kwa uzito wote: asiingie mtu ndani ya tangi wala shimo. Asiingie fundi, asiingie kijana wake, hata kwa dakika moja, hata limekauka. Nilipotaka kurekebisha ile tii, fundi alimfunga kijana kamba kiunoni ashuke. Nilikataa, tukabishana mbele ya watu, na nina furaha nilikataa. Mle ndani kuna gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai viza, ni nzito kuliko hewa, na ikizidi inaua pua kwanza, yaani harufu inapotea ukadhani imeisha. Mtu anaanguka bila kupiga kelele, anayemfuata kumwokoa anaanguka juu yake. Tii tuliiweka kutoka juu, kwa kutanua mdomo wa mfuniko na kutumia mti mrefu wenye kishikio. Pia kuna gesi inayowaka, usivute sigara wala kuwasha kiberiti pale. Na mfuniko usiache wazi hata unapokwenda kuchukua fito tu, watoto wanakimbia.

Kama tangi lako ni la plastiki na ardhi imejaa maji, likishanyonywa lirudishie maji haraka, tupu linaweza kuinuliwa na maji ya ardhini likang'oa mabomba.

Baada ya hapo gari unaita kwa kipimo, si kwa hofu. Funga kitambaa cheupe kwenye fito ndefu, izamishe taratibu mpaka chini, isubiri dakika chache, ivute. Pale palipobaki peusi ndiyo kina cha tope. Tope na utando wa juu vikifika theluthi moja ya kina cha maji, nyonya. EPA hutaja miaka 3 hadi 5 kwa nyumba ya kawaida. Kwangu, tuko sita, imekuwa mitatu.

Kesho asubuhi, kabla watu hawajaanza kuoga, funua uniandikie haya: maji yako sentimita ngapi juu au chini ya ukingo wa bomba la kutokea, tii ipo au haipo, na mita imesogea kiasi gani usiku. Piga na picha ya ndani ya bomba hilo ukiweza. Huyo fundi wa shimo mwambie asubiri siku mbili.