Jibu: Tuuze nyumba kwanza, au tuzunguke kwanza?

Dada, umeuliza kama wewe na mzee muuze nyumba ya Ohio, mzunguke Marekani mwaka mzima na gari la kulala, ndipo mchague pa kuhamia. Zungukeni, ila nyumba ipangisheni, msiuze bado.

Sisi Tucson, mji wa jangwani kule Arizona, ilituteka mwezi wa pili: jua la upole, jioni koti jepesi, tukaanza hadi kuulizia bei za nyumba. Nashukuru tulirudi mwezi wa saba. Mke wangu alishika kitasa cha gari saa nane mchana akakiachia kwa ukelele, na usiku kucha kiyoyozi kilinguruma bila kutupoza. Mahali paoneni katika msimu wake mbaya.

Bima nayo muiangalie mapema. Medicare ya kawaida, yaani bima ya afya ya serikali kwa wazee, inafanya kazi majimbo yote, lakini mipango mingi ya Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi, inawabana kwa madaktari wa eneo lenu, isipokuwa kwa dharura. Na mkishatimiza miaka 62, kateni pasi ya wazee ya hifadhi za taifa: dola 80, ya maisha.

Sisi tulitua Knoxville, jimbo la Tennessee, dakika 20 kutoka kwa mjukuu. Jumapili anakuja kusukuma chapati na bibi yake.