Maswali na Majibu: Mikataba ya Wamaasai na Waingereza, 1904 na 1911

*Ni kweli kwamba mkataba wa 1904 ulikuwa wa miaka mia moja, na kwamba muda wake uliisha mwaka 2004?* (Msomaji, Narok)

Sivyo, ingawa wanaoamini hivyo ni wengi. Mkataba huo, ambao kwa huo Wamaasai waliwaachia Waingereza malisho yao ya Bonde la Ufa, ulisema kwamba utadumu maadamu Wamaasai kama taifa wangali wanaishi, na haukutaja idadi yoyote ya miaka. Kinachochanganywa nao ni hati za masetla (walowezi wa Kizungu), ambao kwa sheria ya ardhi ya 1902 waliweza kukodishiwa mashamba kwa miaka 99, hadi sheria ya 1915 ilipoongeza muda huo kuwa miaka 999. Agosti 2004 Wamaasai waliandamana Nairobi, na huko Laikipia wafugaji wakaingiza ng'ombe katika mashamba makubwa, wakakabiliana na polisi. Walikosea hesabu ya miaka, lakini malalamiko yao yalikuwa na msingi, kwa sababu ahadi ya kudumu milele ilikuwa imekwisha kuvunjwa kabla ya kutimiza miaka saba.

*Wamaasai walikubali nini hasa, na kwa nini walikubali?* (Msomaji, Nakuru)

Katika mkataba uliofanyika Agosti 1904, kati ya Kamishna wa Uingereza Donald Stewart na Lenana, kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, pamoja na wazee wengine, Wamaasai walikubali kuondoka katika malisho yao ya Bonde la Ufa, yaani maeneo ya Naivasha na Nakuru, ambako reli ilikuwa imepita na masetla wakaanza kuyatamani. Walipewa hifadhi mbili, moja kaskazini huko Laikipia na nyingine kusini. Hifadhi hizo zilipaswa kuunganishwa na njia yenye upana wa nusu maili, na eneo la maili tano za mraba lilitengwa Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Ninayataja mambo hayo mawili kwa makusudi. Watu waliosimamia kutajwa kwa njia ya mifugo na uwanja wa jando hawakuwa wajinga waliodanganywa kwa vioo na shanga, bali walijua kwamba jamii iliyokatwa vipande viwili isiyo na mahali pa kukutania ingepoteza umoja wa marika yake.

Hata hivyo, walijadiliana wakiwa dhaifu. Katika miaka ya 1880 na 1890 walikuwa wamepigwa na homa ya mapafu ya ng'ombe, kisha sotoka, kisha ndui, na juu ya hayo yakaja mapigano kati ya wafuasi wa Lenana na wa ndugu yake Sendeyo. Jambo jingine linalostahili kukumbukwa na sisi tunaosoma Kiswahili ni kwamba maneno ya mkataba yaliwafikia wazee kupitia wafasiri waliotoa Kiswahili kwenda Kimaasai. Neno la sheria ya Kiingereza lilivuka lugha mbili kabla ya kumfikia mtu aliyetakiwa kuliridhia.

*Shuleni Tanzania tulifundishwa kuhusu Chifu Mangungo wa Msovero. Je, Lenana naye alikuwa Mangungo wa Kenya?* (Msomaji, Morogoro)

Jina la Mangungo limekuwa tusi la kisiasa, na mtu akitaka kuulaumu mkataba mbaya wa madini husema ni wa Kimangungo. Mimi naona mzee huyo anaonewa. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alimwandika kuwa Sultani wa Msovero katika Usagara, na karatasi ikamfanya atoe nchi yote kwa niaba ya watu wake. Hapo ndipo mfanano na Lenana ulipo. Lenana alikuwa oloiboni, mtu wa tambiko na uaguzi, na Waingereza ndio waliomfanya chifu mkuu wa watu ambao uamuzi wao ulipitia mabaraza ya wazee na wasemaji wa marika. Mkoloni alihitaji mtu mmoja wa kutia alama kwa niaba ya wote, na alipomkosa alimtengeneza.

Lenana alifariki Machi 1911. Mkataba wa pili ulitiwa alama tarehe 4 Aprili mwaka huohuo, na aliyewekwa mbele ni mwanawe Seggi, aliyekuwa bado kijana mdogo. Kwa mkataba huo Laikipia nayo ilichukuliwa. Watu wapatao 10,000 walihamishiwa kusini pamoja na ng'ombe takriban 200,000. Uhamisho ulianza, ukasimamishwa, ukaanza tena, na ukamalizika mwaka 1913.

*Kwa nini hawakwenda mahakamani?* (Msomaji, Mombasa)

Walikwenda, tena huko kwenu Mombasa. Legalishu, msemaji wa rika la wapiganaji wa Laikipia, ndiye aliyekuwa nguvu ya kesi hiyo, ingawa kumbukumbu za sheria huiita kesi ya Ol le Njogo. Wadai walisema mkataba wa 1904 ungali hai, na kwamba waliotia alama mwaka 1911 hawakuwa na mamlaka ya kuufuta. Mahakama Kuu iliwakatalia Mei 1913, na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikafanya vivyo hivyo Desemba.

Sababu yenyewe inafaa kusomwa taratibu. Majaji walisema nchi hiyo ilikuwa himaya iliyo chini ya ulinzi, haikuwa milki ya Uingereza, na Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme bali watu wa kigeni wenye mabaki ya mamlaka yao. Kwa hiyo makubaliano hayo yalikuwa mkataba wa dola kwa dola, ambao mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuuhukumu. Yaani Wamaasai walitambuliwa kuwa taifa siku ile tu ambapo kutambuliwa huko kuliwafungia mlango. Serikali iliyowahamisha kama raia wasio na kauli iliwajibu mahakamani kama dola ya kigeni.

*Wamaori wa New Zealand wana baraza la kusikiliza madai ya Mkataba wa Waitangi wa 1840 kati yao na Waingereza. Je, Kenya ina chombo kama hicho?* (Msomaji, Kajiado)

Baraza la Waitangi liliundwa mwaka 1975, na kuanzia 1985 hadi 2008 liliweza kupokea madai mapya ya kihistoria ya tangu 1840. Kenya haina chombo cha mkataba mmoja namna hiyo. Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi, na sheria ya tume hiyo inahesabu dhuluma zilizotokea kuanzia tarehe 15 Juni 1895, kwa hiyo mikataba yote miwili imo ndani ya kipindi hicho. Marekebisho ya 2016, hata hivyo, yaliweka miaka mitano tu ya kuwasilisha madai.