Mtambo wa biogesi ukigoma, kumbuka ulichoulisha

Siku ya nne baada ya harusi ya shemeji yangu nilifungua jiko la biogesi, nikawasha kiberiti, mwali ukashika kidogo kisha ukazimika. Njiti ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilizimwa na gesi yenyewe, kama vile kuna mtu anaipuliza. Na kipimo cha mgandamizo ukutani kilikuwa juu kuliko nilivyowahi kukiona. Gesi imejaa, lakini haiwaki.

Nikampigia fundi aliyetujengea. Nikalalamikia bomba, vali, saruji, mpaka nikaishiwa pumzi. Akauliza swali moja tu: "Mama, juzi umeulisha nini?"

Nilikuwa nimeulisha harusi nzima. Pilau iliyobaki, ugali, maganda ya ndizi, na ndoo tatu za machicha ya mbege, maana huku kwetu Kilimanjaro harusi bila mbege, pombe yetu ya ndizi, ni kikao tu. Niliona nimepata bahati: mtambo uliozoea samadi ya ng'ombe wawili leo umekula pilau.

Kama na wewe una mtambo wa kuba uliochimbiwa ardhini, nakushauri uwafahamu kwanza wanaoishi humo. Mimi nilichelewa. Shimoni hamna oksijeni, na viumbe waliomo hupata nguvu bila hiyo. Bakteria hana mdomo wa kumeza jani wala punje ya wali. Hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, navyo ndivyo vinavyokatakata chakula mpaka kiwe vipande vinavyoweza kupenya ndani yake. Selulasi hukata nyuzi za majani, amilasi hukata wanga, proteasi protini, lipasi mafuta. Ukitaka kuona kimeng'enya kazini, pika togwa. Uji mzito ukipoa kiasi, tia unga wa kimea cha ulezi. Baada ya muda uji unalegea na kuwa mtamu, wala hukutia sukari. Hiyo ni amilasi ya kimea.

Baadaye ndipo wanapochachusha, yaani kuvuna nguvu bila oksijeni. Anayetumia oksijeni, kama mimi na wewe, kutoka molekuli moja ya glukosi anavuna takriban ATP 30, yaani vile vifurushi vya nguvu ambavyo seli hutumia. Anayechachusha mara nyingi anavuna 2. Kwa hiyo ili aishi inambidi apitishe chakula kingi sana, na anachokitupa, yaani asidi, haidrojeni na kabonidayoksaidi, bado kina nguvu tele ndani yake. Taka zake ni chakula cha mwenzake. Kuna kundi la katikati ambalo sitalieleza, halafu mwisho wa foleni wapo watengeneza methani, ile gesi inayowaka jikoni. Hawa hata si bakteria; ni akea, kundi ambalo wanasayansi Carl Woese na George Fox walilitenganisha na bakteria mwaka 1977. Kimeng'enya chao cha kukamilisha methani kina madini ya nikeli katikati yake, na kikiguswa na oksijeni kinakufa ganzi. Nao wanaridhika na nguvu kidogo mno, ndiyo maana methani wanayoiacha bado inaivisha maharage. Moto wa jikoni kwangu ni nguvu ambayo foleni nzima imeshindwa kuila.

Sasa tatizo langu. Wachachushaji huongezeka kwa saa. Wale wa mwisho huongezeka kwa siku. Pilau na machicha vinameng'enywa upesi kuliko nyasi zilizokwisha kutafunwa na ng'ombe, kwa hiyo asidi ilimwagika kwa wingi, na watengeneza methani, ambao hawapendi uchachu, wakazidiwa. Iliyojaa kwenye kuba ilikuwa zaidi kabonidayoksaidi, na hiyo inazima moto. Gesi nzuri huwa na methani asilimia 50 hadi 70. Mama mkwe alisogea kwenye shimo la kutokea tope, akanusa, akasema, "Mwanangu, hiki kimechacha kama togwa ya juzi." Kweli. Karatasi za kupimia asidi zilionyesha pH chini ya 6, wakati inapaswa kuwa karibu na 7; namba ikishuka, uchachu umezidi.

Nilichofanya: niliacha kabisa kuulisha. Gesi mbovu niliitoa nje, mbali na moto. Jirani mwenye mtambo mzima alinipa ndoo nne za tope lake, kwa kuwa humo wale wa mwisho wamo tayari. Chokaa nilikoroga kidogo kwenye maji, nikatia kwa siku kadhaa; usimwage mfuko mzima kwa mkupuo. Mwali wa bluu ulirudi kama wiki tatu baadaye, na wiki hizo zote nilipika kwa kuni huku shemeji akiwa fungate.

Tangu hapo nachanganya samadi mbichi na maji sawa kwa sawa, kila siku kiasi kile kile. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibayotiki, samadi yake inakwenda kwenye mboji mpaka dawa iishe mwilini, kwa sababu dawa haichagui bakteria wa kiwele na wa shimo. Maji ya kuoshea banda kwa dawa ya kuua viini nayo yana mfereji wake. Juni na Julai, baridi ya mlimani ikishuka, gesi hupungua hata ufanye nini. Viumbe wa shimoni hufurahia nyuzijoto 35 hivi. Msimu huo napunguza chakula na kutumia maji yaliyoota jua.

Na tafadhali, usiingie shimoni kuokota ndoo iliyodondoka, hata kwa dakika moja. Ile harufu ya yai viza ni haidrojeni salfaidi, inaua, na ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia. Acha ndoo ipotee.

Machicha bado nayatia, nusu ndoo, mara moja kwa wiki. Mengine yanakwenda kwa nguruwe. Mama mkwe anasema nimekuwa bahili hata kwa shimo.