Saa za kucheza gemu si kipimo cha ugonjwa

Swali: Mwanangu wa kidato cha tatu hucheza mpira wa gemu kwa muda wa saa nne kila siku katika banda la jirani hapa Ngamiani, na mwisho wa wiki huingia mashindano ya mtaani. Shemeji yangu anasema huo ni ulevi kama wa gongo, na yupo mtu anayetaka shilingi 80,000 ampe dawa ya kumkatisha. Nifanyeje? (Mama, Tanga)

Jibu: Mama, fedha hizo kaa nazo. Ni kweli kwamba tangu Januari 2022 ugonjwa wa gemu umo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lakini vigezo vyake havihesabu saa. Kinachotazamwa ni kama mchezaji ameshindwa kujizuia, kama gemu imetangulia mbele ya mambo mengine yote, na kama anaendelea licha ya madhara, hali hiyo ikiwa imevuruga masomo au familia, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12.

Hapo ndipo ninapochoshwa, kwani naletewa vijana waliohesabiwa saa kama wafungwa, na hakuna aliyewauliza wanalala saa ngapi wala wameacha nini. Kijana anayefanya mazoezi asubuhi na jioni ili siku moja avae jezi ya Coastal Union husifiwa kwa juhudi. Mwanao anayerudia mpira wa adhabu uleule mara thelathini mpaka kidole kizoee huitwa mlevi. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, gemu zilishindaniwa medali, na mshindani wa gemu hupambana na yaleyale ya mwanamichezo, hasa hasira ya kufungwa bao la kizembe, kwani vidole vikikimbilia kulipiza, la pili huingia. Tofauti ipo, nami siifichi: uwanjani misuli huchoka na giza huingia, na hata banda hufungwa, lakini simu anayolala nayo haina magharibi. Basi ichunguze simu hiyo, na uchunguze kama pale bandani wanawekeana dau, maana kamari ni tatizo jingine kabisa.

Wanaouza dawa ya gemu, iwe ya kunywa au ya kufukiza, wanauza wasichokuwa nacho, kwa sababu hakuna dawa iliyothibitishwa kuutibu ugonjwa huu. Tiba yenye ushahidi zaidi ni mazungumzo ya kisaikolojia ya kubadili fikra na mwenendo, nayo huchukua wiki kadhaa. Niliwahi kuletewa chupa ya maji ya soda iliyojazwa unga wa kahawia usio na jina. Kijana aliyepewa unga ule alisinzia darasani siku tatu, na mama yake akashukuru kwamba amepona kwa kuwa hakugusa simu. Nilipokaa naye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amefiwa na baba yake miezi mitano nyuma, na tangu matanga yaanuliwe hakuna aliyezungumza naye habari za msiba huo, isipokuwa wenzake wa kwenye gemu.